Baada ya Isha, simu ya mama inageuka darasa

Katika nyumba nyingi za Unguja, kuanzia vichochoro vya Mji Mkongwe hadi Makunduchi na Nungwi, simu janja ni moja na ina zamu. Mchana iko na mwenyewe, kazini, sokoni Darajani au ndani ya daladala. Usiku, watoto wakisharudi chuoni na Isha ikishaswaliwa, inashuka mikononi mwao, kwa sababu mwalimu ametuma kazi kwenye grupu la wazazi. Kuna picha ya ubao, kuna ujumbe wa sauti wa dakika mbili unaoeleza namna ya kugawanya kwa tarakimu mbili, na pengine kuna linki ya video ambayo haifunguki kwa kuwa bando lililobaki ni la kusomea ujumbe tu.

Hakuna kikao kilichokaa kikaamua kwamba hivi ndivyo watoto watakavyosoma. Mambo yamekuja kidogo kidogo, mwalimu mmoja akijaribu hiki, mwenzake akijaribu kile, mara nyingi kwa nia njema na kwa fedha za mfukoni mwao. Maswali yake yamebaki sebuleni kwa mzazi. Mtoto anajifunza au anatazama tu? Macho yake je? Na yule wa nyumba ya pili, ambaye kwao kuna simu ya kitochi peke yake, kesho darasani atakuwa mgeni wa nani?

Grupu ambazo hazikufungwa

Machi 2020 skuli zilifungwa nchini kote kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi kuelekea mwisho wa Juni. Vipindi vya masomo vikarushwa redioni na kwenye televisheni. Walimu ambao hadi siku hiyo simu zao zilikuwa za salamu na pole za misiba wakafungua magrupu ya wazazi na kuanza kutuma mazoezi. Skuli zikafunguliwa. Magrupu hayakufungwa.

Kisha vikaja vifaa vingine. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa vilikabidhiwa sekta ya elimu na kugawiwa walimu. Skuli za ghorofa zilizojengwa Zanzibar katika miaka hii ya karibuni zimewekewa vyumba vya kompyuta. Kwa hiyo mwalimu wa leo hakosi kitu cha kushika. Anachokosa ni muda wa kujua kipi kati ya hivyo kinamfaa mtoto wa darasa la tatu aliyekaa benchi la nyuma. Katika kisiwa ambacho skuli nyingi zimezoea mikondo miwili, mmoja wa asubuhi na mmoja wa mchana, mwalimu anayetaka kujaribu jambo jipya hulijaribu wakati darasa la pili limeshasimama mlangoni likisubiri chumba.

Ni rahisi kudhani haya yote ni mageni. Lakini Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Na kuna wazazi wa leo, hasa walio katika umri wa miaka ishirini na kitu, ambao wao wenyewe walianza kusoma kwa chombo cha umeme. Chombo hicho kilikuwa redio, na namna kilivyofanya kazi ni jambo ambalo kila mwalimu mwenye simu mkononi angefaa kulijua.

Redio iliyojua kunyamaza

Mwaka 2006 ulianzishwa Zanzibar mradi wa kufundisha kwa redio ulioitwa RISE, kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, USAID, ukiendeshwa na taasisi ya EDC pamoja na Wizara ya Elimu. Vipindi vyake viliitwa Tucheze Tujifunze. Vililengwa kwa watoto wa skuli za maandalizi na madarasa ya mwanzo ya msingi. Mwaka huohuo Sera ya Elimu ya Zanzibar ilitangaza kuwa elimu ya maandalizi ya miaka miwili ni sehemu ya elimu ya lazima, na nafasi madarasani hazikuwa zikiwatosha watoto wote. Ndiyo maana vipindi havikuishia skuli. Vilisikilizwa pia na vikundi vya watoto mitaani na vijijini, wakiwa na mtu mzima mmoja wa kuwasimamia na redio moja.

Siri ya vipindi hivyo ilikuwa kimya. Mtangazaji aliuliza swali, kisha redio ikanyamaza kwa sekunde kadhaa. Katika zile sekunde watoto walijibu kwa sauti, au waliruka mara tano, au walipanga kokoto tatu chini wakaongeza mbili. Baadaye redio ilirudi na jibu, na kila mtoto akajua mwenyewe kama amepatia. Redio ilizungumza na mwalimu pia. Ilimwambia amwite mtoto mmoja mbele, au awapange wawili wawili. Nyimbo na michezo ilikuwa ya hapahapa, ile ambayo mtoto wa Unguja au Pemba angeicheza uani hata kama redio isingekuwepo.

Mbinu hiyo haikubuniwa Zanzibar. Ilianza Nicaragua katikati ya miaka ya 1970 kwa kufundishia hesabu, na Kenya iliitumia kufundishia Kiingereza kuanzia mwaka 1980. Ilisambaa kwa sababu ilikubali ukweli mmoja ambao wauzaji wa programu za elimu huusahau haraka: mtoto hajifunzi kwa kile anachokisikia, hujifunza kwa kile anachokifanya na kile kinywa chake kinachosema baada ya kusikia, mradi awepo mtu wa kumsikia.

Tena redio ile ilihitaji betri za dukani tu. Si jambo dogo kwa Unguja. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa wiki kadhaa bila umeme, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa gizani karibu miezi mitatu, baada ya hitilafu katika mfumo unaoleta umeme kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Mwalimu anayepanga somo lake lote juu ya projekta na intaneti angefaa kuwauliza wakubwa zake jinsi miezi ile ilivyokuwa.

Ukiichukua ile redio ukaiweka kando ya video inayotumwa leo kwenye grupu, tofauti inaonekana mara moja. Video hainyamazi. Inakwenda, ina rangi, ina muziki, na mtoto anaifuata kwa macho huku mdomo umefunga. Ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Mzazi aliye jikoni anasikia sauti ya masomo na anaridhika kwamba mtoto anasoma.

Vifaa vingi, matokeo mbalimbali

Uzoefu wa kwingine unaonesha jambo hilohilo. Peru iligawa zaidi ya kompyuta ndogo 800,000 kwa watoto wa skuli. Watafiti waliofuatilia skuli 319 za vijijini huko walikuta, baada ya miezi 15 hivi, kuwa alama za watoto za hesabu na lugha hazikuwa tofauti na za wenzao wa skuli ambazo hazikupewa kompyuta. Vifaa vilifika, lakini mpango wa nini kifanyike navyo saa mbili asubuhi darasani haukufika pamoja navyo.

Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya mkondo wa Pemba, upo mfano mwingine. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga vilishiriki jaribio la shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuhudhuria skuli, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua, na kijijini alikuwepo mtu mzima wa kuangalia kituo cha kuchajia. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu ikagawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Nusu ni matokeo makubwa. Ni vyema pia kuitazama nusu ya pili: watoto waliokaa na kishikwambi kwa zaidi ya mwaka bila mwalimu na bado hawakuweza kusoma neno. Na kwa wale waliofaulu, programu zile zilifanana na redio ya Tucheze Tujifunze kwa jambo moja. Zilimtaka mtoto aguse, aburute, ajibu, na hazikusonga mbele kabla hajajibu.

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilifika mbali zaidi. Ilisema ushahidi usioegemea upande kuhusu manufaa ya vifaa hivi ni haba, na kwamba sehemu kubwa ya ushahidi uliopo hutolewa na haohao wanaoviuza. Kwa mzazi anayeambiwa kwamba programu fulani ya kulipia imethibitishwa kuongeza ufaulu, ni haki yake kuuliza imethibitishwa na nani.

Kilichomo mfukoni mwa mwalimu

Mwalimu wa skuli ya msingi akitaka kuanza kesho, hahitaji programu yoyote mpya. Simu yake ina kinasa sauti, kamera na saa ya kuhesabu sekunde. Vyote vitatu havili bando.

Kinasa sauti ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, na ndicho kinachotumika kidogo. Mwalimu anampa mtoto aya fupi, anaweka simu mezani, na mtoto anasoma kwa dakika moja. Darasa la watoto 45 linamalizika kwa wiki mbili bila kuharibu ratiba, wanne au watano kwa siku. Usiku, au akiwa kwenye daladala la kurudi Fuoni, mwalimu anasikiliza. Anasikia nani anakwama kwenye maneno yenye ng' na ny, nani anakisia mwisho wa neno, nani anasoma haraka lakini hafuati nukta. Baada ya muhula anarudia aya ileile. Mzazi akiitwa skuli anasikilizishwa sauti mbili za mwanawe, ya mwanzo na ya sasa, na hahitaji maelezo ya alama ili kuelewa kama kuna mabadiliko.

Kamera ina kazi nyingine. Mwalimu anapiga picha ya hesabu iliyokosewa, bila jina, anaionesha darasa kwenye projekta kama ipo au anainakili ubaoni, na anawauliza watoto mahali ilipopotea njia. Kosa linakuwa la wote, na aliyelifanya hajulikani.

Video nazo zina nafasi yake. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa mwaka 2014, kinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili ambacho mtoto anakielewa. Ndugu yake, Akili and Me, ni cha watoto wa umri wa maandalizi. Lakini mwalimu anayekitumia vizuri anakuwa ameshakitazama kabla na ameandika dakika za kusimamisha. Anabonyeza, picha inaganda, anauliza: mnadhani nini kitatokea? Hapo anairudishia video ule ukimya ambao watengenezaji wa redio waliuweka makusudi. Kipande cha dakika tano kinaweza kuchukua dakika ishirini, na hivyo ndivyo inavyofaa.

Kwa vitabu vya hadithi, ambavyo vina uhaba katika skuli nyingi, African Storybook, mpango ulioanzia Afrika Kusini, unatoa bure mamia ya hadithi fupi zenye picha, zikiwemo za Kiswahili. Mwalimu anaweza kuzipakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, akazichapisha au akazionesha bila intaneti. Programu ya Kiwix nayo humwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya simu au kompyuta na kuitafuta bila bando. Ubora wa makala zake haulingani. Nyingine ni nzuri, nyingine ni sentensi mbili. Hilo lenyewe ni somo kwa wanafunzi wakubwa.

Kuna tahadhari moja ya hapa Zanzibar ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Masomo mengi ya Kiswahili yaliyomo mitandaoni yametengenezwa kwa mtaala wa msingi wa Tanzania Bara. Skuli za msingi za Zanzibar zina mtaala wake na Taasisi yake ya Elimu, na Baraza la Mitihani la Zanzibar ndilo linalowatahini. Video ya darasa la tano iliyotoka Bara inaweza kuwa nzuri sana na bado isilingane na anachosoma mtoto wa darasa la tano wa Rahaleo. Kuchuja ni kazi ya mwalimu. Mzazi anayempakulia mtoto masomo kwa kubahatisha jina la darasa anaweza kumchanganya bila kukusudia.

Macho na usingizi

Suala la macho ndilo linaloulizwa zaidi, na majibu yanayozunguka mitaani mara nyingi si sahihi. Kioo cha simu hakipofushi. Kinachochosha macho ni kutazama kitu kidogo, karibu sana, kwa muda mrefu bila kupepesa. Mtu anapokaza macho kwenye simu hupepesa mara chache kuliko kawaida, macho yakakauka, yakawasha, na kichwa kikauma. Herufi za picha ya ubao iliyopigwa kutoka mbali ni ndogo, hivyo mtoto anaisogeza simu hadi puani. Mwalimu anayepiga picha hiyo kwa vipande vitatu badala ya kimoja amemsaidia mtoto bila gharama yoyote. Anayetuma ujumbe wa sauti ili mtoto asikilize huku akiandika kwenye daftari amemsaidia zaidi, kwa kuwa kazi yenyewe inabaki kwenye karatasi.

Umbali wa kufaa unapimika kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Aegemeze ngumi shavuni na kiwiko mezani. Simu au kitabu kisisogee karibu kuliko urefu huo. Kila baada ya dakika ishirini anyanyue macho atazame kitu cha mbali, barazani au nje ya dirisha, kwa sekunde ishirini.

Lipo pia tatizo la kutoona mbali, ambalo limeongezeka sana kwa watoto wa miji ya Asia Mashariki. Kazi nyingi za karibu na kukaa ndani huchangia. Katika mji wa Guangzhou, China, watafiti walizifuatilia skuli 12 kwa miaka mitatu. Watoto wa skuli ambazo ziliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku walipata tatizo hilo kwa asilimia 30.4, na wale wa skuli nyingine kwa asilimia 39.5. Mwanga wa jua wa nje ndio unaodhaniwa kulinda. Mtoto wa Unguja ana jua la kutosha mwaka mzima, ilimradi saa zake za mchana zisimalizike darasani, chuoni, kisha ndani na simu. Mchezo wa mpira ufukweni au nage uwanjani, kwa upande wa macho, si kupoteza muda.

Usingizi ndio unaopata hasara kubwa, na hauzungumzwi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Hesabu yake ni nyepesi. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa swala na maandalizi ya skuli anatakiwa awe amelala saa mbili usiku ili apate hizo saa tisa za chini kabisa. Isha Zanzibar inaswaliwa kiasi cha saa moja na nusu. Kazi ya skuli inayoingia kwenye grupu saa mbili kasorobo, ikasubiri simu irudi na baba saa mbili na nusu, inakatwa kutoka kwenye usingizi wa mtoto. Mwanga wa kioo nao unaukawiza usingizi, na mchezo unaofunguliwa baada ya kazi unaukawiza zaidi. Mwalimu akituma kazi kabla ya saa kumi alasiri, au akiituma Alhamisi kwa ajili ya kukusanywa Jumatatu, nyumba nyingi zingepumua.

Kwa walio chini ya miaka mitano mwongozo ni mkali zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2019, linasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora. Skuli ya maandalizi inayotuma kazi za simu kila siku kwa watoto wa miaka minne inastahili kuulizwa sababu. Mtoto wa umri huo anajifunza zaidi kwa kokoto na wimbo.

Mzazi akiona mtoto anakunja macho kutazama mbali, anasogelea televisheni, anainamisha kichwa upande mmoja anaposoma au analalamika kichwa mara kwa mara, asiishie kumnyang'anya simu. Ampeleke akapimwe macho. Mtoto anayehitaji miwani na hana ataonekana mzito wa kuelewa, na kwa hilo hakuna programu itakayomsaidia.

Gharama isiyoandikwa

Kila video inayotumwa ina bei, na analipa anayeifungua. Dakika kumi za video zinaweza kumaliza bando la siku, wakati ujumbe wa sauti wa dakika mbili hauli hata sehemu ndogo ya hapo. Walimu wanaolijua hili hutuma sauti na picha zilizopunguzwa ukubwa, na video huzipeleka skuli kwenye flashi au memori kadi. Wao pia wanalipa. Bando la mwalimu, chaji yake na saa zake za usiku za kujibu maswali ya wazazi 45 havimo kwenye mshahara. Mzazi anayepiga simu saa nne usiku kuuliza swali la nne lina maana gani angekumbuka hilo.

Kwa mtoto asiye na simu ya kioo kwao, utaratibu wa haki si mgumu: chochote kilichotumwa kwenye grupu kiandikwe pia ubaoni kabla watoto hawajatoka, na asiwepo wa kuadhibiwa kwa kutoona ujumbe. Pale ambapo skuli imeshindwa hilo, mtoto anajifunza kujificha. Anasema amesahau daftari, kwa kuwa kusema hawana simu ni aibu kubwa zaidi.

Halafu kuna picha. Walimu hupenda kuonesha kazi ya darasa, na wazazi hupenda kuwaona watoto wao. Lakini grupu la wazazi 45 ni simu 45, na picha iliyoingia humo haina mwenyewe tena. Matokeo ya mtihani yakibandikwa grupuni kwa majina, mtoto aliyeshika nafasi ya mwisho anajulikana mtaa mzima kabla hajafika nyumbani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa zinazohusu watoto zimo katika kundi linaloitwa nyeti. Programu za kupakua nazo zina hatari yake. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza programu na tovuti za elimu zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa Korona, na mwaka 2022 likaripoti kuwa asilimia 89 zilikuwa na utaratibu uliohatarisha au kukiuka haki za watoto kwa namna zilivyoshughulikia taarifa zao. Programu ya hesabu inayoomba ruhusa ya kujua mahali ulipo haihitaji kujua hilo ili kufundisha kujumlisha.

Simu ya mzazi ina mambo mengine pia: pesa, picha za harusi, ujumbe wa watu wazima, video zinazojifungua zenyewe. Kabla ya kumkabidhi mtoto, namba ya siri ya pesa za simu iwe haijulikani kwake na kujipakua kwa video kwenye magrupu kuzimwe. Ni dakika tatu za kazi katika mipangilio. Kisha mzazi akae karibu, hata kama yeye mwenyewe hakusoma sana. Haihitajiki ajue kugawanya kwa tarakimu mbili. Anaweza kusimamisha sauti ya mwalimu katikati na kumwambia mtoto, "Hebu nieleze mimi, amesema nini?" Mtoto akishindwa kueleza, sauti irudiwe. Akiweza, wamemaliza, na simu iende kwenye chaji chumbani kwa wakubwa.

Katika mkutano ujao wa wazazi, kamati ya skuli inaweza kuulizwa mambo machache ambayo mwalimu mmoja peke yake hawezi kuyaamua: mwisho wa kutuma kazi uwe saa ngapi, nani anaruhusiwa kutuma picha za watoto, sauti za watoto walizorekodiwa zifutwe lini, na kama skuli ina fungu lolote la bando kwa walimu wanaofundisha kwa simu zao. Swali la mwisho ndilo huwa linafanya chumba kiwe kimya. Libaki mezani mpaka lijibiwe.